Lenzi ya mm 25 inakula mistari 80 kwa mm

Optiki_Tabora
Wadau, salaam. Maabara yetu hapa Tabora imefunga mtambo wa 4f (slaidi, lenzi, kichujio, lenzi, kamera, kila hatua umbali wa fokasi moja): leza nyekundu ya nm 650, miale imetanuliwa na kunyooshwa sambamba, kisha lenzi mbili za kipenyo cha mm 25, fokasi mm 200. Dirisha la slaidi, yenye mistari ya majaribio, ni mm 10. Mistari 50 kwa mm inatoka dirisha zima, ila kingo zake zimelegea. Mistari 80 inaonekana kwenye ukanda wa kati tu, kama mm 2. Pembeni ni wekundu mtupu. Fokasi imehakikiwa. Shida ni lenzi?

Mwanga_Ujiji
Ni lenzi. Mistari v kwa mm hupeleka mwanga pembeni umbali wa λ × f × v (λ ni urefu wa wimbi, f ni fokasi, vyote kwa mm). Kwako λf = 0.00065 × 200 = 0.13, hivyo mistari 80 inaangukia mm 10.4, mistari 50 inaangukia 6.5. Mwale kutoka nukta iliyo y juu ya mhimili unapiga lenzi ya kwanza kwenye 10.4 + y, na ya pili kwenye 10.4 − y. Lenzi ya kwanza inakata upande mmoja wa picha, ya pili inakata uliobaki. Pembeni inabaki nuru iliyonyooka peke yake, nayo haibebi mstari wowote. Kingo laini za mistari 50 nazo zina sababu: harmoniki ya tatu (mawimbi madogo ya mara tatu yanayochora kingo kali), 150 kwa mm, ingehitaji kupita mm 19.5.

Ila kwa nusu kipenyo cha 12.5 ungepata ukanda wa mm 4.2, siyo 2. Pima tundu la ringi inayoshika lenzi.

Optiki_Tabora
Kalipa inasoma 23. Ringi inafunika mm 1 kila upande.

Mwanga_Ujiji
Ndiyo hiyo. 11.5 − 10.4 = 1.1, ukanda mm 2.2. Na mistari 50 (6.5 + 5 = 11.5) imepona chupuchupu.

Fundi_Lenzi
Tundu mnalohitaji ni dirisha + 2λfv: 10 + 20.8, yaani karibu mm 31. Tafuteni darubini ya mkono ya 7x50 iliyoharibika prizimu. Lenzi zake mbili za mbele ni za mm 50, kila moja vioo viwili vilivyogandishwa, msivitenganishe. Fokasi mpime wenyewe: tupa picha ya mti wa mbali kwenye karatasi, weka rula. Upande uliokuwa unatazama nje uelekee kichujio kilicho katikati, kwa lenzi zote mbili. Ukigeuza, picha inaingia ukungu bure.

Kuhamia fokasi ya mm 100 kwa kipenyo kilekile kunapitisha mistari 80 (5.2 + 5 = 10.2), lakini pembe ya ukungu wa lenzi ya kioo kimoja inapanda mara 8, na kichujio, kile kinachozuia baadhi ya madoa ya mwanga katikati ya lenzi mbili, lazima kiwe nusu ya ukubwa.

Optiki_Tabora
Na nikibana dirisha liwe mm 2, au nikibandika slaidi kwenye lenzi ya kwanza?

Mwanga_Ujiji
Kubana kunapitisha mistari 80 dirisha zima, ila doa la spektra (madoa ya mwanga yanayotokea kwenye kichujio, moja kwa kila wingi wa mistari), λf gawanya kwa dirisha, linakua toka mikroni 13 hadi 65. Madoa ya mistari yenye wingi unaokaribiana yataungana. Kubandika kunafaa kama unatazama spektra tu. Kwa picha usithubutu: mwale wa mistari 80 kutoka katikati ya slaidi utafika lenzi ya pili kwenye mm 20.8.

Optiki_Tabora
Nimeelewa. Natafuta hiyo 7x50.