Kampeni ya angahewa ya juu: tarehe zimebadilishwa, sisi mafundi wa Kisumu hakuna aliyetuambia!

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni fundi. Naangalia kipokezi cha GPS kilichofungwa juu ya paa la chuo kimoja hapa Kisumu, kinachopima jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyoyumba yakipita kwenye ionosfia, yaani sehemu ya angahewa ya juu yenye chembe za umeme. Tuliingizwa katika kampeni ya kimataifa: rada, vipokezi na kamera za usiku za nchi kadhaa zipime usiku uleule mwezi wa Septemba, kisha data iunganishwe. Tukapewa tarehe, tukajipanga, tukakesha. Kumbe wenzetu hata hawajawasha mitambo! Ratiba ilikuwa imesukumwa mbele wiki nzima, na barua pepe ya mabadiliko ikatumwa kwa wakuu wa miradi peke yao. Profesa wetu alikuwa safarini. Sisi tunaowasha na kuzima mashine hatumo kwenye orodha yao.

Siku za kawaida kipokezi hurekodi polepole. Wakati wa kampeni tunakiweka kirekodi mara 50 kwa sekunde kwa kila setilaiti, na diski hujaa mbio. Jioni mvua ikianza kunguruma upande wa ziwani stima hupotea, kwa hivyo tulichanga pesa zetu wenyewe tukanunua petroli ya jenereta. Kijana mmoja alipanda paani giza likiingia, akakwangua kutu kwenye kiungo cha kebo ya antena, akakifunga upya kwa utepe wa mpira huku matone yakianza kumwangukia. Wiki ya kampeni yenyewe ilipofika, diski imejaa, petroli imeisha, na hakuna aliyejua kwamba ndiyo wiki yenyewe.

Kuna watakaosema data ni data, itumike hivyo hivyo. Hapana. Jua likishatua, tabaka la chini la ionosfia hupoteza elektroni haraka, la juu huinuka, na mapovu ya plazima (gesi yenye chembe za umeme) nyepesi huanza kupanda kutoka chini kama ya uji unaotokota. Huku kwetu huzidi karibu na Machi na Septemba, tangu saa moja na nusu jioni mpaka usiku wa manane. Mapovu hayo hayatulii. Husafiri kuelekea mashariki, mara nyingi kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde, na povu lililopita juu ya Kisumu linaweza kufika Nairobi kabla saa nzima haijaisha. Ukitaka kujua limekua au limefifia njiani, lazima vituo vyote viwe macho usiku mmoja. Rada kubwa nazo ni ghali, haziwashwi mwaka mzima, ndiyo maana desturi ya kupanga siku za pamoja ipo tangu Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958. Si jambo jipya hata useme watu bado wanajifunza.

Halafu vikao vya kampeni kwa mtandao! Kila mara saa nane mchana za New York. Septemba hapa huwa ni saa tatu usiku, saa ileile mapovu yanapita juu ya vichwa vyetu na mtu anatakiwa awe kando ya mashine. Tukiomba saa nyingine, hatujibiwi.

Na tusiambiwe vipimo vya Jicamarca, ile rada kubwa ya ionosfia kule Peru, vinatosha. Peru ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi) iko kusini ya ikweta ya ramani, kwetu inapita kaskazini, huko Ethiopia. Anga hizi mbili hazina tabia moja, na bara letu ndilo lenye pengo kubwa la vipimo vya ardhini. Kenya imekuwa mwenyeji wa utafiti huu tangu zamani: San Marco 2, setilaiti ya Italia ya kupima msongamano wa hewa ya juu, ilirushwa 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Miaka yote hiyo, na bado tunachukuliwa kuwa walinzi wa antena.

Kinachoniuma zaidi ni mwanafunzi wetu wa uzamili. Data ghafi ya Kisumu tumewapa yote wasimamizi wa kampeni, yeye akaomba ile iliyounganishwa ili amalize tasnifu yake, akaambiwa asubiri mpaka makala yao ichapishwe. Ada yake nani anamlipia akisubiri?

Sasa naomba jambo moja. Kama unaangalia kifaa Nairobi, Malindi, Eldoret au hata upande wa Uganda, andika hapa: ile barua pepe ya kubadilisha tarehe ulipata au hukupata? Taja kituo, usitaje jina la mtu. Nataka barua tutakayopeleka kwa sekretarieti ya kampeni iwe na vituo vyote, idai mafundi waingizwe kwenye orodha na saa za vikao zizunguke. Ratiba ya Machi inapangwa wakati huu, kwa hivyo jibuni wiki hii.