Ushauri: lensi ya maltifokali au ya umbali mmoja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho?

Mjukuu wa Mikindani (mwanzisha uzi)
Wakubwa shikamooni. Nina miaka 56, naishi Mtwara mjini, na nina mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kulia ndilo litakalotangulia kupasuliwa. Nimetakiwa kuchagua lensi ya bandia itakayowekwa ndani ya jicho: kati ya ya umbali mmoja, ambayo itanibakizia miwani ya kusomea, na ya maltifokali, inayogawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu bila miwani. Bei zimepishana mno. Mliowekewa, mnaonaje?

Bi Korosho
Marahaba mwanangu. Mimi niliwekewa ya umbali mmoja mwaka 2019, na siku nilipofunguliwa jicho niliona vumbi juu ya kabati ambalo nilikuwa nikiapa kuwa ni safi. Kumbe mkwe wangu alikuwa akininyamazia kwa heshima. Kwa kusoma msahafu navaa miwani, wala haijanipunguzia kitu.

Kobe wa Kilwa
Tukumbuke tulikotoka. Lensi ya kwanza ndani ya jicho iliwekwa London mwaka 1949 na daktari wa macho Harold Ridley, ambaye alikuwa amebaini kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za vita, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuwa vikikataliwa na jicho.

Fundi Miwani wa Masasi
Kwa kuona mbali, lensi hizo mbili hazipishani sana. Kwa karibu maltifokali inashinda, lakini kwa gharama: uwezo wa kutofautisha vitu penye mwanga hafifu hupungua, na usiku wengi huona duara za mwanga zikizunguka taa. Ubongo huchukua wiki, pengine miezi, kuzoea. Aliyeharibika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kisukari, au mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, kwa kawaida hushauriwa asiiweke. Je, una kisukari? Unafanya kazi gani?

Mjukuu wa Mikindani
Kisukari sina, nimepimwa. Kazi yangu ni ya kawaida, ya hapa na pale.

Mwera wa Nachingwea
Hapa wapi na pale wapi? Kaka, hatuwezi kulishauri jicho ambalo hatujui linatazama nini.

Mjukuu wa Mikindani
Haya. Naendesha lori la saruji kwenda Dar es Salaam. Hutoka Mtwara jioni, na Somanga huwa naipita usiku. Sikutaja kwa kuwa nilijua mtakachosema, na malipo ya awali ya maltifokali nimekwisha kuyatoa kutoka kwenye fedha za korosho. Isitoshe, hata sasa taa za magari zinanitawanyikia, kwa hiyo sioni kitakachoongezeka. Nimechoka kumpa utingo anisomee hati ya mzigo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jicho la Tatu
Uzi huu umetungwa. Dereva gani wa lori huandika sentensi zenye mikato mingi namna hii? Huyu ni wakala wa wauza lensi.

Mwera wa Nachingwea
Wakala gani anayekubali bidhaa yake isemwe vibaya kiasi hiki?

Mjukuu wa Mikindani
Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 9 kabla ya kushika usukani. Mikato ni yangu.

Fundi Miwani wa Masasi
Turudi machoni. Mwanga unaokutawanyikia sasa unatokana na ukungu wa lensi yako ya asili, nao utaondoka pamoja nayo. Duara za maltifokali hutokana na umbo la lensi yenyewe, na wapo wasiozizoea hata wakalazimika kubadilishiwa, upasuaji ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Kwa safari zako ningechagua ya umbali mmoja, na miwani ya kusomea ining'inie shingoni. Mwambie daktari kuhusu usiku wako kabla hajaagiza lensi, si ukiwa kitandani.

Mjukuu wa Mikindani
Bado naitamani ile nyingine. Nitampigia kesho, nimuulize kama malipo yanaweza kuhamishwa. Tatizo ni kwamba korosho zile ni za mke wangu, na hajui bado.

Bi Korosho
Basi simu ya kwanza si ya daktari.