Hivi mnavyotuuzia kwa jina la emaja ni nini hasa?

Wadau, nafungua uzi kuhusu uzi. Uzi wa kufungia vyambo vinavyoiga wadudu, vya kuvulia samaki aina ya trauti, pamoja na manyoya, gundi, na tamaa ya kuijaza ndoana mpaka ikose pa kupumulia.

Pakiti imeandikwa "emaja ya meiflai, namba 16", yaani chambo kinachoiga meiflai, mdudu wa mtoni, anapotoka gambani juu ya maji; namba ni saizi ya ndoana, ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Toa kimoja, kiweke kiganjani. Mkia mgumu wa nyuzi za jogoo. Kola nzima ya unyoya wa shingo, mizunguko sita. Bawa la manyoya manne ya bata. Kichwa cha uzi kimeziba nusu ya tundu la ndoana, mshipi mwembamba wa 6X haupiti mpaka uchokonoe kwa sindano. Hicho ni chambo cha kuelea, basi. Jina la pakiti halibadilishi kitu.

Mdudu mwenyewe tunamjua? Tunutu wa meiflai anaishi chini mtoni kwenye mawe. Akikomaa hupanda hadi juu, gamba likapasuka mgongoni, na mwenye mabawa akaanza kujivuta atoke. Hapo ndipo anapokwama. Kwa mdudu wa milimita saba, ule utando wa juu wa maji ni kama turubai: inabidi autoboe huku nusu ya mwili ingali gambani. Trauti hana haja ya kumfukuza, anainua pua tu na kumeza. Kwa hiyo tumbo la emaja lazima lining'inie chini ya maji, kifua kikae kwenye utando, bawa libaki juu. Mkia mgumu unalishikilia tumbo juu ya maji. Kazi imeharibika kabla hujatupa mshipi.

Kupima ni rahisi. Jaza glasi maji, dondosha chambo kutoka urefu wa shubiri mara kumi, utazame kwa pembeni, si kwa juu. Kikitua kimelala ubavu au kimesimama juu ya kola yake kama buibui, rudisha dukani.

Namna ya kufunga sasa, maana kuna watakaosema tunalalamika tu. Ndoana iliyopinda, ya waya mwembamba. Ya tunutu ni nzito, inazamisha kila kitu. Bonyeza chembe chake, kile kijino cha nyuma ya ncha, kwa koleo kabla ya kuanza, ili kama ndoana ni ya kuvunjika ivunjike mapema. Uzi wa denia 70 uliopakwa nta. Anzia nyuma ya tundu, ukiacha nafasi tupu sawa na upana wa tundu lenyewe, ushuke hadi kwenye mpindo na kidogo zaidi. Gamba linaloachwa: nyuzi za kiwandani ziitwazo Antron, za kahawia, kumi hivi, urefu nusu ya shina la ndoana. Mnaofunga fungu zima mnatengeneza ufagio.

Tumbo ni nyuzi tatu za manyoya ya mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kware, hadi theluthi mbili ya shina, kisha waya wa shaba mwembamba kabisa, mizunguko mitano kuelekea upande wa kinyume. Kinyume si pambo: jino la trauti likikata uzi mmoja wa fezanti, waya unashika iliyobaki. Mkiuzungusha upande uleule unazama katikati ya nyuzi, haushiki chochote, na samaki wa kwanza anakuachia ndoana tupu.

Halafu bawa, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Ni manyoya yale yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta juu ya mkia wa bata. Mawili kwa namba 16, moja kwa 18. Linganisha ncha, yafunge kwa mizunguko mitatu ya kubana juu ya msingi wa uzi. Ukiyafunga juu ya chuma kitupu au juu ya kifua laini, yatateleza ubavuni, na bawa la ubavuni hugeuza chambo kuwa pangaboi: mitupo mitano tu, mshipi umesokotana kama kamba ya katani. Likizidi urefu, lichune kwa kucha. Mkasi unaacha ukingo mnene kama brashi. Kifua ni chembe ya manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi, kidogo nyuma ya bawa na kidogo mbele.

"Manne yanaelea zaidi." Nani kasema? Unyoya huu unaelea kwa sababu vijinyuzi vyake vinashika hewa. Bana manne pamoja, vinalaliana, hewa inatoka, maji yanakaa. Umefunga sponji. Kisha mnamwagia vanishi tone zima kichwani, nayo inapanda kwenye shina la unyoya na kuugandisha! Fundo la kumalizia la mizunguko minne kwenye uzi wenye nta linatosha. Anayetaka vanishi aitie kwa ncha ya sindano.

Na wavuvi nao wasijifanye malaika. Ukipaka jeli ya kufanya chambo kielee kwenye bawa la bata umeliua. Hapo unatumia unga mkavu. Tumbo lilowanishe kwa mate ili lizame mara moja.

Jambo lingine: Klinkhåmer, chambo cha fundi Hans van Klinken, ilianza kama emaja ya kadisi, mdudu mwingine wa mtoni, si ya meiflai. Inakamata, sikatai, lakini kuiweka namba 12 kwenye pakiti ya meiflai ni kutuona mazuzu. Meiflai wengi wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya ni wadogo, namba 16 hadi 18. Trauti wamo Mto Gura tangu 1905, wameshaonyeshwa kila aina ya takataka.

Na msinigeuzie kibao kwamba natukana mafundi wa Kenya. Vidole vyao vinajua, vyambo vyao vimevuka bahari miaka mingi. Lakini fundi anayelipwa kwa dazani hufunga sawasawa na sampuli aliyopewa, na sampuli huchaguliwa na mtu anayetaka chambo kinene kinachojaza macho dirishani. Huyo ndiye ninayemtaka hapa.

Anayebisha aweke picha ya chambo chake ndani ya glasi. Kwa pembeni.