Hadithi fupi: niipandishe mtandaoni au niipeleke kwenye tuzo?

KalamuYaMkoani:
Wakuu, habari za muda huu. Nina hadithi fupi tano zimelala kwenye simu, hakuna inayozidi maneno 4,000. Washkaji wanasema nifungue ukurasa Facebook niwe naachia kipande kipande, wakishanogewa wanalipia kwa M-Pesa nawaingiza grupu la WhatsApp. Mwingine anasema nisimwonyeshe mtu, nipeleke kwenye tuzo. Wenye uzoefu mnasemaje?

BintiMsambweni:
Facebook kuna watu, hilo halina ubishi. Weka saa mbili usiku, hata hujaiweka simu chaji umeshaandikiwa "weka nyingine mkuu", "umetuacha arosto". Unajua palepale wapi wamecheka na wapi wameboreka. Tatizo ni wizi. Ya kwangu niliikuta kwenye ukurasa mwingine, jina langu limefutwa, chini ya kila kipande kuna namba ya kutumia elfu moja. Makosa yangu ya tahajia kayaacha vilevile!

SehemuYa40:
Hela ipo, ila ipo kwenye mfululizo. Hadithi fupi mtu anaimaliza akisubiri daladala, alipie nini? Analipa kwa sababu jana ulimwacha dada wa watu kajifungia stoo na kitasa kinazungushwa kutoka nje. Magazeti pendwa ya Dar yaliuza hivyohivyo na "Itaendelea" yao, wiki hadi wiki, kabla ya hizi simu. Mimi naandika mfululizo na unanilipia umeme, lakini hizo tano zako usizikatekate. Maneno 3,000 ukiyagawa mara sita, kipande cha pili hakina tukio, cha tatu ni maelezo ya nyumba, watu wanakukimbia kabla hawajafika panapochoma. Na ukianza kurefusha ili uwashike, basi tena, umeshaandika kitu kingine.

Mwalimu_Eldoret:
Soma masharti kwanza. Tuzo nyingi zinataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na kwao blogu au ukurasa wa wazi ni kuchapisha. Kuwatumia rafiki wawili watatu wakusomee hakuna shida.

Ya hadithi moja moja ninayoipenda ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, kwa kuwa inapokea Kiswahili. Maneno 2,000 hadi 5,000, hakuna kiingilio, hadithi moja kwa kila mtu. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, wa jumla 5,000. Ya Kiswahili inasomwa kwanza na wanaojua Kiswahili, ikivuka hatua hizo ndipo inatafsiriwa. Sijui kwa nini watu wetu wengi wanajitesa kuiandika kwa Kiingereza cha kukodi.

Tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell (wengi bado tunaiita Mabati-Cornell, iliasisiwa 2014) inataka mswada mzima wa kitabu, hivyo tano zako bado ni chache. Ya Mwalimu Nyerere, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi. Angalia tangazo la mwaka husika kama hadithi fupi zimo.

BujaKaskazini:
Na sisi wa Bujumbura tumo kwenye hiyo ya Madola?

Mwalimu_Eldoret:
Hapana ndugu yangu, Burundi si mwanachama. Rwanda imo tangu 2009. Wanaangalia uraia, si mahali unapoishi, kwa hiyo Mtanzania aliyeko Bujumbura anaruhusiwa.

SehemuYa40:
Mwalimu, mbona husemi habari ya kusubiri? Dirisha likifungwa Novemba unakaa miezi hujui kitu, halafu ukikosa hakuna wa kukuambia hadithi iliboa ukurasa gani. Mwandishi mchanga anahitaji wasomaji, hata wale wa "weka nyingine".

BintiMsambweni:
Kweli, lakini iliyokosa tuzo bado unaweza kuipandisha kesho yake. Iliyopandishwa huwezi kuirudisha ikawa haijasomwa. Mimi ningetoa moja tu kwa watu, zile ninazoziamini zikae. Na hiyo moja jina liwe ndani ya maandishi, katikati ya aya, siyo juu peke yake. Mwizi mvivu hasomi hadi huko.

KalamuYaMkoani:
Asanteni sana. Sasa kuna ya fundi friji anayesikia siri za kila nyumba anayoingia. Ndiyo nzuri kuliko zote, nilitaka hiyo iende Madola. Ina maneno 1,870.

Mwalimu_Eldoret:
Haifiki 2,000, hawaisomi.

SehemuYa40:
Usiijazie maji tafadhali. Ilete Facebook, nzima, usikate.