Utabiri wa vuli na milima ya Usambara: tuusomeje?

Muuza mboga, Tanga mjini

Habari zenu ndugu zangu. Ninanunua karoti, kabichi na viazi mviringo huko Mlalo na Bumbuli, kisha ninaleta mzigo kuuza katika soko la Mgandini. Kila mwaka ninafuatilia utabiri wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini mkoa wetu huwekwa katika kundi la pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba. Je, tukiambiwa kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani, maneno hayo yanawahusu watu wa milimani sawasawa na sisi tulio kando ya bahari? Nataka kupanga mizigo ya kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi, na baba mkwe wangu aliyeko Mlalo ananiuliza kama apande maharage sasa au angoje masika.

Bwana shamba mstaafu, Lushoto

Dada, yanawahusu, ila athari zake hazilingani. Katika taarifa hizo, mvua za wastani ni zile zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi ambacho mahali husika hupata kwa kawaida. Kinachosahaulika ni kwamba kawaida ya Amani siyo kawaida ya Mombo. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, Lushoto mjini huzidi 1,000 kidogo tu, na Mombo, ambayo ipo chini ya mlima huo wa Lushoto, haifikii hata hapo. Mvua ikipungua kwa theluthi moja, mkulima wa Amani atalalamika lakini atavuna, ilhali wa Mombo asiye na maji ya mfereji huenda asivune kitu.

Tofauti hiyo inaletwa na umbo la milima yenyewe. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukifika kwenye miteremko hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ukishavuka kilele hushuka upande wa pili ukiwa umebaki mkavu. Ndiyo maana Bumbuli huaminika zaidi kwa mvua kuliko Mlalo na Mtae, ambako mlima unaitazama nyika ya Mkomazi. Kwa hiyo usiipangie Mlalo kwa kuangalia Bumbuli, hata kama zote mbili umezisikia katika utabiri mmoja.

Kuhusu maharage, mbegu za muda mfupi huhitaji kama miezi miwili na nusu hadi mitatu. Atakayepanda mwishoni mwa Novemba atakuwa na maua shambani wakati vuli inaelekea ukingoni. Utabiri wa msimu hutaja pia wakati ambao mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha, na kwa mzee huyo tarehe ya kuisha ina uzito kuliko neno “wastani” lenyewe.

Dereva wa fuso, Mombo

Mimi naomba kuongeza la barabara. Msimu unaoitwa wa mvua chache unaweza kuwa na usiku mmoja wa mvua kubwa, na usiku huo ndio unaoangusha mawe na udongo kati ya Mombo na Soni. Jirani zetu wa milima ya Upare, wilayani Same, walifukiwa na maporomoko ya udongo Novemba 2009, na watu walipoteza maisha. Ninavyoona mimi, mzigo wa karoti hauna haraka ya kupandiwa mlima gizani wakati mvua inanyesha. Pakia asubuhi, kwa sababu mvua za vuli huku bara hupenda kuanza alasiri.

Mwalimu wa jiografia, Muheza

Nimeyasoma maelezo ya mzee wa Lushoto na ninakubaliana naye. Ningependa tu kueleza kwa nini vuli moja hutofautiana sana na nyingine. Watu wengi hutaja El Niño peke yake, yaani joto la Bahari ya Pasifiki kuzidi kawaida, lakini joto la Bahari ya Hindi yenyewe lina nguvu kubwa kwetu: upande wa magharibi, yaani wa kwetu, ukiwa na joto kuliko kawaida huku ule wa Indonesia ukiwa wa baridi, mvua huongezeka. Mwaka 2019 hali hiyo ilikuwa kali na vuli ikawa ya mafuriko, ingawa El Niño haikuwa na nguvu. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana.

Zamani watawala wa ukoo wa Kilindi, waliotawala Usambara kutoka Vuga, ndio waliotazamiwa kuleta mvua, na walilaumiwa ilipokosekana. Siku hizi lawama tumezihamishia kwa Mamlaka, nayo haijawahi kudai kwamba inajua mvua itanyesha kijiji gani. Utabiri wa msimu utumie kuamua ununue wapi kwa wingi, na siku ya kupeleka gari uiamue kwa utabiri wa siku kumi na ule wa kila siku.

Ukienda, chukua sweta. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari.

Muuza mboga, Tanga mjini

Nimewaelewa na ninashukuru. Mizigo ya Novemba nitaichukua Bumbuli, na ya Mlalo nitaiamua kila baada ya siku kumi. Lakini baba mkwe tayari ana mbegu ndani, na shamba lake lina sehemu ya mteremko na sehemu ya bondeni.

Bwana shamba mstaafu, Lushoto

Basi apande bondeni, unyevu unakokaa, na mteremko auache. Kama kuna mfereji unaofika hapo, aulize mapema zamu yake ya maji itaangukia siku gani mwezi Desemba.