MREJESHO: Kufungua kava la eabegi kwenye usukani wa Toyota IST

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kutoa kava la eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka usoni siku ya ajali) nivalishe usukani ngozi upya, jua la Mwanza lilishaubanjua hadi nikishika mikono inabaki myeusi. Sasa kazi imeisha, leta chai hahaha.

Nilinyoosha tairi kwanza, nikazima switchi, nikachomoa waya wa hasi wa betri nikakaa nusu saa nzima. Fundi wa siti huku Nyakato akawa ananicheka, eti dakika mbili zinatosha, nikamwambia kaka uso ni wangu. Screw ziko mbili, ubavuni kushoto na kulia nyuma ya vifuniko vidogo, zinataka Torx T30 (bisibisi ya nyota ya ncha sita), bisibisi ya nyota ya kawaida itakula kichwa tu. Plagi ya njano ina kilimi, inua kilimi kwanza ndo uvute, mi nusura niivunje kwa papara. Eabegi nikailaza sakafuni peke yake uso juu, na hakuna kuweka tester (kipima umeme) pale hata kama una hamu.

Ngozi nimeshona kwenye duara la usukani tu. Lile kava la katikati sikuligusa, maana limewekewa mistari ya kupasukia, ukilivalisha ngozi na gundi siku ya ajali haijulikani litapasukaje. Fundi alinuna, pesa imepungua.

Nimerudisha betri mwisho kabisa, taa ya eabegi imewaka ikazima yenyewe, honi inalia. Redio ndo imesahau stesheni zote.