Nikague nini kwa fundi wa kukausha nyara?

Swali: Nina ngozi ya kichwa na mabega ya nyati, imeshatiwa chumvi. Nataka kichwa cha kutundika ukutani. Nitamjuaje fundi mzuri?

Jibu 1: Picha hazitoshi. Omba kuona kazi aliyoimaliza mwaka mmoja au zaidi uliopita, maana kasoro hujitokeza ngozi ikishakauka. Chungulia kona za macho, midomo na pua: ngozi ikiwa imebanduka kwenye umbo la povu (kichwa cha povu gumu kinachovishwa ngozi), gundi ilikuwa haba au ngozi haikupunguzwa unene. Masikio yasiwe na malengelenge. Papasa nyuma ya shingo, mshono usionekane.

Jibu 2: Muulize pia anavyosindika ngozi. Ya nyati ni nene mno. Ilowekwe kwenye asidi, ichongwe ipungue unene, ndipo itiwe dawa ya kuisindika. Ikipakwa poda ya kuhifadhi tu, itasinyaa na kupasua mishono. Umbo lichaguliwe kwa vipimo: kona ya jicho hadi ncha ya pua, na mzunguko wa shingo.

Jibu 3: Je, ngozi ya masikio ilipinduliwa ndani nje na midomo kupasuliwa kwa ndani kabla ya chumvi? Chumvi isipofika humo, bakteria huozesha ngozi na manyoya hunyonyoka. Hapo hakuna fundi wa kuyarudisha.